Mstari kati ya Doña Ercilia na Don Tránsito

Alhamisi, Septemba 5

...na mstari ukabaki hewani. Kwenye mchoro ukutani, kisanduku cha kijiji cha La Vega nimekishusha chini, mstari wake uko palepale juu, kichwa cha mshale kimeelekea kwenye nembo ya manispaa. Ukumbi mzima ukacheka. Mtu mmoja huko nyuma akasema basi mto ukija tukimbilie kwenye nembo, meya atatupikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na projekta yake.

Kosa si langu lote. Meya ndiye aliyesema nishushe kile kisanduku ili nembo yake ionekane vizuri. Mimi kazi yangu hapa ni kufagia na kupanga viti. Kompyuta nimewekewa kwa sababu nilikaa kwenye duka la fotokopi, wakaona najua kushika mausi. Shule niliishia darasa la nne.

Mchoro wenyewe unahusu nani anamwambia nani mto Guazalo ukija. Juu kabisa yuko Abelino wa Las Pilas, anatazama nguzo ya kupimia maji yenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu ya hatari. Anasema kwenye redio, tunasikia sisi ofisini na anasikia Doña Ercilia kule La Vuelta. Baada ya La Vuelta kilima kinazuia redio, na simu hufa mvua ikianza tu. Kwa hiyo Doña Ercilia anavuka korongo kwenda El Terrero kumwambia Don Tránsito, mtunza kanisa. Don Tránsito anapiga kengele. Kengele inasikika mpaka La Vega huko chini, watu wanapanda shuleni.

La Vega ndiko aliko mama, na dada yangu Delmy, na watoto wa Delmy. Kwa hiyo ule mstari uliochekwa ulikuwa wa kwao.

Mwishoni injinia Oneyda, aliyetuletea mradi huu, akauliza kama tumekubaliana wote. Don Tránsito akainua kofia. Doña Ercilia akatazama mikono yake, akasema, "Mungu akipenda." Injinia akaandika wamekubali.

Injinia ni mtu wa mji mkuu. Hajui kwamba kwetu Mungu akipenda ina sura mbili. Ukiisema unamtazama mtu usoni, ni ndiyo. Ukiisema unatazama mikono yako, umekataa, ila hutaki kumwaibisha mgeni. Ukumbi mzima ulielewa. Watu wakakohoa, wakaenda kunywa kahawa.


Ijumaa, Septemba 6

Mirtala, sekretari wetu, kaniita mezani kwake kabla watu hawajafika. Nikajua leo nasemwa. Kumbe alitaka kunionyesha.

"Wewe unachora mstari wa kawaida," akasema. "Unauegesha kwenye kisanduku, macho yanaona umefika. Haujafika, dogo. Umeegemea tu, kama mume wangu kwenye mlango wa baa."

Kuna mstari wa aina nyingine. Ukileta ncha yake karibu na kisanduku, vinatokea vidoti pembeni. Ukiuachia juu ya kidoti, umeshika. Akakivuta kisanduku huku na huku, mstari ukakifuata kama ndama na mama yake. Nikacheka peke yangu kama mjinga.


Jumatatu, Septemba 9

Nimefuta mistari yote na kuichora upya. Imenichukua siku nzima. Ule wa kutoka Las Pilas kuja ofisini ulikuwa unapita tumboni mwa kisanduku cha La Vuelta, nikaupinda kona, ukazunguka. Nilipomaliza nikavuta kila kisanduku kujaribu. Yote imeshika.

Halafu nikautazama ule wa Doña Ercilia kwenda kwa Don Tránsito. Nao umeshika. Nikahisi joto masikioni kama mtu aliyeandika uongo.

Wale wawili hawasemezani. Si kidogo, hawasemezani kabisa. Zamani, nikiwa mdogo, kaka yake Doña Ercilia, Fausto, alikuwa anarudi na punda wake amebeba mahindi. Mto ulikuwa umejaa toka asubuhi. Don Tránsito alikuwa pale kivukoni, upande wa pili. Doña Ercilia anasema Don Tránsito alimpigia Fausto kelele, "Upite." Don Tránsito anasema hakusema neno hilo. Punda alitoka hai. Fausto walimkuta mbali sana huko chini.

Toka hapo, hata mtakatifu Isidro, yule wa sanamu ya kanisani, akizungushwa mwezi wa tano kuombea mvua, watu wa La Vuelta wanamweka juu ya jiwe pale korongoni, wanarudi zao. Wakishapotea ndipo watu wa El Terrero wanakuja kumchukua. Mtakatifu anakaa peke yake njiani kama abiria aliyeachwa na basi. Hakuna anayeona ajabu, tumeshazoea.

Na mimi nimechora mstari mwekundu mnene kati yao.


Jumapili, Septemba 15

Sikukuu ya uhuru. Ngoma za shule toka alfajiri. Jua kali. Mawingu yapo lakini huko milimani tu.


Jumatano, Septemba 18

Leo lilikuwa zoezi. Wote wanasema limefaulu.

Nilitumwa kwa Doña Ercilia kupeleka betri za redio, kwa hiyo nilikuwa mlangoni kwake. Abelino akaita, nyekundu, nyekundu, zoezi. Doña Ercilia akasikia. Akashusha sauti ya redio, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nikasimama. Kabla sijaweka betri chini, kengele ya El Terrero ikalia upande wa pili.

"Umesikia," akaniambia. "Imeshalia. Niende kufanya nini?"

Baadaye ndiyo nikajua. Injinia mwenyewe alikuwa amesimama kando ya Don Tránsito. Mvua haikuwepo, simu ilikuwa inashika, Mirtala akampigia, naye akamwambia mzee piga. Mstari wangu haukutumika kabisa. La Vega walipanda shuleni wakicheka, mmoja kabeba kuku wawili. Ofisini tukala baleada, mikate ya kukunja na maharage, meya akasema mfumo unafanya kazi kama saa.

Kabla ya kurudi ofisini nilishuka shuleni, Delmy akaja kunisalimia. Nikamwambia mvua zikizidi amlete mama kwangu mjini. Akasema ameshamwambia. Mama anasema akihama kila mawingu yakijikusanya atafia njiani, yeye anangoja kengele ya Tránsito, akiisikia hiyo ataamka. Delmy akacheka. "Anaujua hata mkono wa anayepiga. Watoto wakichezea kamba haamki. Akipiga Tránsito, ameshavaa viatu."


Jumanne, Septemba 24

Nimejaribu kusema bila kusema. Ule mstari wa wale wawili nimeufanya wa vipande vipande. Nikafikiri mtu atauliza, nami nitajibu.

Meya ameuona. Akauliza mbona huu umekatika, tunaonekana masikini, unyooshe. Nikaunyoosha. Ndiyo yote.


Ijumaa, Septemba 27

Mvua. Si kubwa.


Jumanne, Oktoba 1

Injinia alisema mchoro unakwenda kuchapwa mabango makubwa, kila kijiji bango lake. Nikakaa na kompyuta. Ukishachapwa, kila mtu ataamini. Au hapana, hakuna atakayeamini, ila watanyamaza, na kunyamaza kwao kutakuwa ukutani kwa rangi.

Nikaufuta ule mstari. Nikampelekea injinia.

Akatazama, akasema nimesahau mstari mmoja.

"Sikusahau," nikasema.

Akasubiri. Yule mama anajua kusubiri. Nilitazama sakafu niliyoifagia mwenyewe, nikaona mahali nilipoacha vumbi. Kisha nikamwambia yote, la Fausto, la mtakatifu kwenye jiwe, la Mungu akipenda. Nilisema ovyo ovyo, nikaanza na mwisho, nikamalizia na mwanzo. Sijui nilitumia muda gani. Shati lililowa.

Nilifikiri atakasirika kwamba tulimwacha akaandika uongo. Akavua miwani akaifuta. Akasema kumbe, kule kwao pia wapo hivyo, shangazi zake wawili walilala chumba kimoja miaka bila kusalimiana. Halafu akaniuliza tufanye nini. Ananiuliza mimi.

Nikamwonyesha pale palipobaki tupu kwenye mchoro.

"Basi mabango yatoke na mstari," akasema, "maana hakuna njia nyingine ya habari ya maji kufika. Lakini nenda kawaone. Nenda wewe. Mimi wataniambia tena Mungu akipenda."

Nikaurudisha. Nikaangalia vidoti, nikaachia.


Jumatatu, Oktoba 7

El Terrero na bango. Nilikuwa namwogopa Don Tránsito toka utotoni. Nyumbani tuliambiwa yule ndiye aliyemwua Fausto kwa mdomo. Ana uso mrefu, na ufunguo wa mnara wa kengele anauvaa shingoni kama msalaba.

Alipigilia bango mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akalitazama. Akanipa kahawa na biskuti za rosquilla, ngumu za kuvunja jino, akaniambia nimsindikize mtoni.

Kila jioni anakwenda mtoni. Anaweka jiwe pale maji yalipofikia. Yako mengi, mstari mrefu wa mawe, yale ya zamani yameota majani. Nikamwuliza, kwa maoni yake, mwaka huu maji yatakuja?

"Mambo ya mto mimi sisemi."

Nikasema lakini mzee unayaona kila siku.

"Naona. Sisemi. Nikiambiwa nipige, napiga. Kuambiwa, si kukisia. Nilishaambiwa niliua mtu kwa kusema. Ngoja waniambie wengine."

Nikarudi na mawazo. Mtu anayeujua mto kuliko wote ndiye hatasema. Atangoja aambiwe, na wa kumwambia ni mmoja tu.


Ijumaa, Oktoba 11

La Vuelta. Doña Ercilia alinipokea vizuri, akanilisha ndizi za kukaanga na malai. Akalitandaza bango mezani, akauweka mfuko wa chumvi juu lisijikunje, akafuata mistari kwa kidole kutoka Las Pilas. Kidole kikafika kwake kikasimama.

"Nani kachora huu?"

Nikasema mimi.

"Umenichorea mkono nisiokuwa nao, mwanangu."

Nikamwambia huko chini kuna mama yangu. Akasema anajua kuna mama yangu, walibatizwa kanisa moja. Akasema yeye atapiga kelele, atapiga sufuria, atawasha moto, lakini mlango wa yule mtu hataugonga. Nikasema mvua ikinyesha kelele haivuki korongo. Akasema anajua. Macho yake yalikuwa yananikimbia. Nilikuja nikidhani ana kiburi. Nikamwona anaogopa. Anaogopa nini sijui.

Bango alilipigilia jikoni. Aproni yake akaitundika juu yake, kwenye msumari uleule. Inafunika kisanduku chake na mstari wote.


Jumanne, Oktoba 15

Injinia kanirudisha kwenye kompyuta, akaniambia nichore kisanduku kidogo kati ya La Vuelta na El Terrero. Nikachora. Akaniambia niandike ndani jina langu.

Nikaandika Nahún. Mstari ukaingia upande huu, ukatoka upande ule. Mirtala akawasha projekta tuone ukutani, jina langu kubwa kama ng'ombe. Nikaomba wazime.

Maana yake ni hii: nguzo ikifika njano nakwenda kulala kwa Doña Ercilia mpaka maji yatulie. Redio ikisema nyekundu, nakimbia mimi kwa Don Tránsito. Meya akanung'unika nani atafagia. Injinia akasema tutaishi na vumbi.

Doña Ercilia tulimwuliza kwa redio kama atanipokea. Redio ikakaa kimya mpaka tukadhani betri. Kisha akasema, "Aje na mchele wake."


Jumapili, Oktoba 20

Mvua, mchana na usiku.


Jumatano, Oktoba 23

Njano. Nimehamia La Vuelta. Nimefungiwa bembea ya kulalia jikoni, karibu na redio. Doña Ercilia anakoroma. Mvua juu ya bati haikuachii usikie unachofikiria.


Alhamisi, Oktoba 24

Njano bado.


Ijumaa, Oktoba 25

Njano. Nimevuka korongo mara nne kujifunza njia. Jiwe la mtakatifu liko katikati, tambarare, linateleza. Kila nikilikanyaga nahisi nimekosea adabu.


Jumatatu, Oktoba 28

Leo asubuhi. Niandike kabla sijalala.

Abelino aliita nyekundu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekimbia. Mimi nilishatoka kabla hajamaliza. Niliteleza korongoni, nikaumia goti, nikafika mlangoni kwa Don Tránsito. Alikuwa amevaa, koti, kofia, ufunguo mkononi. Alikuwa ananisubiri, nafikiri. Nikasema nyekundu, mzee, piga.

"Nani kasema?"

Redio, nikasema.

"Redio haina mdomo. Nani kasema?"

Nikasema Abelino. Akasema Abelino yuko Las Pilas, hapa amefikaje? Nikasema basi Doña Ercilia, yeye ndiye mwenye redio.

"Amekutuma yeye? Kwa mdomo wake?"

Sikujua kudanganya. Nilipaswa kujua, watu wengine wanajua. Nikatikisa kichwa. Yeye akabaki na ufunguo mkononi, mvua inamwagika kati yetu kutoka kwenye paa.

"Aje aniambie mwenyewe," akasema. "Nikipiga na maji yasije, ni yeye atakayesema Tránsito ni mwongo. Nikipiga watu wakateleza njiani wakafa, ni yeye atakayesema Tránsito kaua tena. Aje aseme kwa mdomo wake mwenyewe, anitazame, nitapiga mpaka kamba ikatike."

Nikampigia magoti. Nasema kweli, nilipiga magoti kwenye tope, lile goti lililoumia. Hakunitazama. Akatoka akaenda mtoni mwenyewe, akaliona jiwe la jana limefunikwa, na la juzi, na lile la mwaka juzi. Ndipo akarudi akapiga.

Alichelewa. Si sana. Maji yaliingia uani kwa Delmy wakati mama yuko bado mlangoni anavaa viatu. Mume wa Delmy alimbeba mgongoni. Wakafika shuleni wamelowa mpaka kiunoni. Mchana maji yakashuka, hayakuchukua mtu, yamechukua nguruwe wa jirani na choo.

Wote wanasema tumeponea chupuchupu, kumbe mfumo unafanya kazi. Kisanduku changu kimefanya nini? Mimi si kisanduku. Mimi ni jiwe lile la mtakatifu, na jiwe halisemi.


Jumanne, Oktoba 29

Nimerudi mjini. Nimefagia. Injinia yuko mji mkuu, anarudi wiki ijayo. Mirtala kaniambia nimpe muda. Nani? Mto?


Jumamosi, Novemba 2

Siku ya marehemu. Nimepanda La Vuelta bila kutumwa. Doña Ercilia alikuwa amepika boga kwa sukari guru, akanipa bakuli, akaniambia nimbebee maua mpaka makaburini, yeye anatembea na fimbo na jicho la kushoto halimwonyeshi njia vizuri.

Kwenye kaburi la Fausto palikuwa na maua tayari. Ya njano, yamefungwa kwa kamba ya katani. Nikadhani ni ya ndugu.

"Ya yule," akasema. "Kila mwaka anawahi kabla yangu. Na kila mwaka nayatupa kule nje ya uzio."

Akainama, akayashika. Nikamwona anafikiria. Akayasogeza pembeni, akaweka yake katikati. Hakuyatupa.


Jumatatu, Novemba 4

Nimelala hukohuko, sikurudi. Leo nimemwambia alichosema Don Tránsito. Sikutaka. Nilikuwa nakoboa mahindi, maneno yakatoka yenyewe.

"Aje aniambie mwenyewe? Amesema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Hana aibu."

Akaingia ndani, akapiga piga vyungu.


Jumanne, Novemba 5

Anakanda unga, hajanisalimia bado, ananiuliza, "Aliyasema kwa sauti gani?"

Nikasema ya chini. Nikasema ufunguo ulikuwa unatikisika mkononi mwake.

Akarudi kukanda. Baadaye kabisa, tumeshakula, akaniambia jambo ambalo nadhani hajamwambia mtu. Siku ile Fausto alipovuka, yeye mwenyewe alikuwa upande huu wa mto, na nguo za kufua. Alisikia mtu amepiga kelele. Mto ulikuwa unanguruma. Alisikia "upite". Miaka yote amesema alisikia "upite".

"Lakini 'usipite' na 'upite' zimepishana kwa 'si' tu," akasema. "Huenda sikusikia neno zima. Hiyo 'si' huenda mto uliichukua."

Nikauliza kama aliwahi kumwuliza.

"Nikimwuliza akaniambia alimkataza, nitamweka wapi Fausto, na miaka yote hii ya kumlaumu mtu?"

Kumbe ndiyo hofu yenyewe. Nami nilikuwa naiita kiburi.


Ijumaa, Novemba 8

Mvua ndogo. Nguzo kijani. Meya ametuma ujumbe nirudi kufagia, kuna wageni. Nimesema nina homa. Sijawahi kumdanganya mkubwa.


Jumapili, Novemba 10

Delmy alipanda na mtoto mgongoni kuniletea tamale, mahindi ya kusaga yaliyofungwa kwenye majani. Akaniambia mama amehamishia viatu kitandani, analala navyo miguuni. Anasema mara ile kengele ilikuwa na wasiwasi, haikuwa mkono wa kawaida. Nikamwomba tena wahame. Akasema shuleni kumejaa magunia ya mahindi ya watu, na mume wake hataki kuacha kuku. Akanishika shavu.

"Si umechora wewe ule mstari? Basi tunalala."

Sijala tamale.


Jumanne, Novemba 12

Injinia ameongea kwenye redio. Kuna dhoruba inatoka baharini, inakwenda polepole, na ile inayokwenda polepole ndiyo mbaya. Akaniuliza hali. Nikasema niko kwenye kisanduku changu. Akacheka kidogo, halafu akasema kama kuna watu wanaoweza kuhama leo wahame leo. Nikatelemka mpaka La Vega kwa miguu. Nyumba mbili zimehama. Mama hakuhama.

Nilipopita El Terrero, Don Tránsito alikuwa kivukoni. Hakuna jiwe lililobaki kuonekana, yote yako chini ya maji. Alikuwa amesimama na jiwe moja mkononi, hana pa kuliweka. Alinitazama mimi, akatazama juu La Vuelta. Nikamwamkia. Akaitikia. Ndiyo hivyo tu.

Nikamwambia Doña Ercilia nilichokiona. La jiwe mkononi.


Jumatano, Novemba 13

Njano toka alfajiri. Upepo. Doña Ercilia hajalala, nami sijalala. Aproni ameitoa kwenye msumari, ameivaa, haitundiki tena pale. Bango liko wazi. Nimemkuta analitazama, nikageuka nikajifanya natafuta kiberiti.


Alhamisi, Novemba 14

Mchana lakini giza kama jioni. Naandika nimesimama, karatasi imelowa.

Abelino amesema nyekundu. Kisha amesema nguzo haipo tena, imekwenda. Kisha redio imekatika.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Doña Ercilia kaniambia, "Ngoja." Nikasema hakuna kungoja, mama, mama yangu yuko kule. Akasema anajua, ngoja tu avae buti, buti za Fausto, ni kubwa, lazima azifunge na kamba. Anafunga, kamba inafunguka. Nimetaka kumfungia akanipiga mkono.

Nikamwuliza atamwambia nini.

"Nyekundu nitamwambia. Kisha nitamwuliza."

Nikasema amwulize baadaye.

"Huyo akishapiga kengele. Najua. Mimi si mtoto."

Ameshasimama. Ametoka bila fimbo, mlango ameuacha wazi, mvua inaingia mpaka kwenye moto. Lazima niondoke sasa hivi. Korongo limejaa, jicho lake la kushoto halioni vizuri, na peke yake hatavuka.